Wembe wa Chuma cha Nne

Jumatatu asubuhi mtengeneza nyembe alipanga vipande vinne vya chuma mezani: tupa kuukuu, springi ya lori, beringi ya gurudumu iliyokatwa, na kisu kipana cha mashine ya kukatia karatasi, alichokiokota kwa wauza vyuma chakavu. Kinyozi wa jirani alitaka wembe mmoja wa kukunja, na fundi huyu hakuwa mtu wa kubahatisha.

Alikigusisha kila kimoja kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, akasoma cheche. Springi ingevumilia kuanguka, lakini makali yake yangelala baada ya videvu viwili. Tupa ilimwaga cheche nyeupe zenye matawi mengi. Kali, ila rahisi kumeguka. Beringi ilikuwa nzuri lakini ndogo. Cheche za kisu zilikuwa chache, ndefu, zimetulia. Alichagua hicho cha nne.

Alikikata, akakitia motoni hadi sumaku ikakataa kukishika, akakizamisha kwenye mafuta, kisha akakioka taratibu mpaka kikapata rangi ya majani makavu. Ijumaa aliupeleka wembe.

Kufikia Jumatano, wateja wote tisa walionyolewa nao walikuwa wameota ndevu za aina moja: nyeusi tii, zimelala kuelekea kulia, na chini ya taya la kushoto kovu lisiloota kitu. Mzee mwenye mvi naye alipata zizo hizo. Hakuna aliyelalamika. Zilikuwa ndevu nzuri.

Mtengeneza nyembe alizitambua. Zilikuwa za kaka yake, aliyekuwa mkata karatasi kiwandani. Miaka mitatu iliyopita kiwanda kiliandika kwamba ametoroka kazini, na wiki hiyo hiyo mashine yake ikang'olewa. Kovu alilipata utotoni, walipoanguka na baiskeli wote wawili.

Alimwita mke wa kaka yake. Mwanamke yule aliketi kwenye benchi la kinyozi, akawatazama wanaume watatu waliokuwa wakisubiri zamu.

"Ni yeye," alisema.

"Ni yeye, shemeji."

"Kwa hiyo hakuniacha."

"Hakukuacha."

Akawaomba radhi wale wanaume, akawashika kidevu mmoja mmoja. Walimwinulia shingo. Kwa miaka mitatu alikuwa akimtukana mumewe kila alipotandika kitanda. Sasa alilia kwa ajili ya matusi yale.

Kesho yake walikwenda ofisi ya kazi. Ofisa aliyewapokea alikuwa mteja wa kinyozi, na alizikuna ndevu zile akisoma faili.

"Mnataka niandike nini?"

"Andika amekufa," alisema mwanamke. "Ameuawa na mashine yao."

"Mama, sibishi kwamba ndevu ni zake. Lakini hapa pameandikwa alitoka getini kwa miguu yake. Ndevu hazitii saini."

"Nani alimwona akitoka?"

"Meneja."

"Basi aitwe."

Meneja alikuja baada ya chakula cha mchana. Naye alikuwa nazo. Alipomwona mwanamke alifunika taya la kushoto kwa kiganja, kisha akakiondoa, maana hakikusaidia kitu.

"Alitoka," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu."

Alipokuwa akisema, ndevu zilirefuka hadi kifungo cha pili cha shati. Ofisa alimsubiri amalize, akampa kalamu. Meneja akazisogeza pembeni ili aone pa kusaini.

Faili likarudi kabatini.

Njiani, mtengeneza nyembe alisema anaweza kuuyeyusha ule wembe.

"Thubutu," alisema shemeji yake. "Mimi nikamwone wapi?"

Kwa hiyo kila Jumamosi huenda kukaa kwenye lile benchi. Wanaume wamezoea, humgeuzia upande wa kushoto bila kuambiwa, na yeye huwaeleza habari za nyumbani, bati linalovuja, mama mkwe anayeumwa magoti. Wao huitikia kwa kichwa. Meneja hunyolewa mara mbili kwa siku. Kiwanda kimeleta mashine nyingine ya kukatia karatasi, nayo haina kinga ya kisu. Mwendeshaji wake hunyolewa kwa kinyozi yule yule, na anasema ndevu zinampendeza.