Panzi wa Samsam na Samli ya Ayeyo

Samsam hakutaka makuu, alitaka kwenda Mombasa tu. Mwalimu Keynan wa baiolojia alikuwa ameahidi kwamba mwanafunzi ambaye mdudu wake atapatikana na wale bakteria wanaoishi ndani ya wadudu kama wapangaji, ndiye atakayeiwakilisha shule yao ya Garissa kwenye maonyesho ya sayansi huko Mombasa. Kila mmoja amkamate wake porini, amhifadhi kwenye spiriti, amlete Jumatatu.

Samsam akahangaika juani hadi akapata panzi mnene, akamtia kwenye kichupa, akakificha kabatini. Kosa lake lilikuwa moja: hakumwambia bibi yake, Ayeyo Timiro, ambaye pua yake hunusa sigara ya mtaa wa pili.

Ayeyo alipokifungua kile kichupa, alisoma kila aya aliyoijua. Pombe, tena nyumbani kwake! Samsam akajieleza mpaka koo likamkauka, kwamba spiriti ilikuwa ya kumzuia panzi asioze. Kikongwe akatulia. Kama shida ni kuoza, akauliza, mbona hawakuulizwa wenye kazi yao?

Jumatatu asubuhi Samsam alikuta spiriti imemwagwa. Panzi, ambaye kwa bahati yake mbaya ni halali, alikuwa amekatwa vipande, akakaangwa, akazamishwa kwenye kikopo cha samli yenye iliki, vile vile nyama ya nyirinyiri inavyotengenezwa ili ikae miezi.

"Huyu hataoza mwaka mzima," Ayeyo alisema kwa fahari.

Samsam alitamani kulia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, akakibeba kikopo hivyo hivyo.

Kufikia alasiri wadudu wa wenzake wote walikuwa wamepimwa na hawakupatikana na bakteria hao. Alibaki panzi wake tu. Samsam akaacha kikopo mezani akaenda kunawa mikono. Aliporudi, Mwalimu Keynan, mzaliwa wa Rhamu ambaye hakuwa ameonja nyirinyiri tangu Idi, alikuwa akilamba kidole.

Akamwomba ampe Ayeyo salamu na shukrani nyingi. Ila nyama yenyewe, akasema, ilikuwa inakwaruza kidogo.

Samsam alikitazama kikopo kitupu, akaiona Mombasa yake ikishuka tumboni mwa mwalimu. Taratibu akavaa glavu, akachukua kijiti cha pamba.

"Mwalimu," akasema kwa adabu zote, "samahani, panua mdomo. Panzi wangu hajapimwa."