Kisima cha Dokkum Chafika Gulfton

Callixte alikuwa amefungiwa mdomo tangu mwaka jana. Katika jumuiya yao ya Mtakatifu Bonifasi, pale Gulfton mjini Houston, zamu ya maombi ilipomfikia alimwomba Mungu amwangushe mwenye nyumba aliyewaacha kiangazi kizima bila kiyoyozi, akamtaja kwa jina. Watu wakaitika amina kwa nguvu mno. Mwenyekiti, Clothilde, dada mkubwa wa mkewe, akaamua: shemeji atakuja, atakula, ataimba, ila hataomba kwa sauti.

Sasa Callixte alikuwa amerudi kutoka Uholanzi, alikokwenda kumtembelea dadake, na huko alikuwa amefika Dokkum, kamji ka Frisia alikouawa Bonifasi mwenyewe. Na desturi haina mjadala: aliyekanyaga mahali pa msimamizi wao sharti asimulie. Clothilde akamwekea mtego. Asimulie bila kumlaumu mtu yeyote, aliye hai wala mfu. Akivuka salama, atarudishiwa zamu yake.

Chai ikazungushwa sebuleni kwa Clothilde. Callixte, ambaye elimu yake yote ameisomea ndani ya basi la kwenda kazini ghalani, akaanza kwa upole uliowatia watu wasiwasi. Akaeleza boma la udongo lenye pembe kama za nyota, maji yakilizunguka, na vinu vya upepo vimesimama juu yake. Akaeleza mifereji inayoganda baridi ikikaza, watu wakateleza juu ya barafu kwa viatu vya chuma mji kwa mji, na wakifika Dokkum wanageuza kurudi. Kisha mwaka 754: mzee Bonifasi, mmisionari, amepiga kambi akingoja Wakristo wapya, wenye silaha wakamvamia. Husemwa alijikinga kwa kitabu.

"Washenzi hao," akanong'ona mama mmoja.

Ulimi ukamwasha Callixte. Alitaka kuuliza nani alianza kumwita nani mshenzi, na mahali pa ibada pa nani palivunjwa kwanza. Clothilde akamtazama, akitabasamu. Callixte akaliacha swali, akaendelea.

Akamalizia na kisima cha mtakatifu, akaomba aletewe chupa ya maji aliyoyateka huko, aliyoiweka jikoni alipoingia. Akaletewa chupa tupu.

Wote walijua hasira za huyu bwana, tangu kambi ya wakimbizi kule Tanzania hajasahau hata aliyemkanyaga kwenye foleni ya mahindi.

"Watu wa Dokkum," akasema polepole, "walimuua mgeni wao, na leo wenyewe ndio wanaokuonyesha mahali penyewe. Hawafichi. Mimi simlaumu mtu. Nauliza tu, shemeji, maji yangu yako wapi?"

Clothilde akainamisha uso kwenye kikombe chake. "Nilidhani ni ya dukani. Bomba la hapa si unalijua linavyonuka. Nimeyapikia chai."

Mmoja akaacha kutafuna. Mwingine akajifanyia ishara ya msalaba, kisha akamalizia kikombe chake haraka.

Callixte akainua chake, kilichokuwa kimepoa bila kuguswa, akanywa mpaka majani.

"Tangawizi imezidi," akasema.

"Zamu ni yako," Clothilde akamjibu, akijizuia kucheka. "Ila mwenye nyumba muombee mema."

"Nitamuombea," Callixte akasema, akisimama. "Kwa jina."