Mtoto Hutajwa, Hahesabiwi

Mwaka wa pili wa uhuru tuliambiwa kuwa kijiji chetu cha Mwabungo kitapata zahanati yenye chumba cha wazazi, mradi watoto wawe wa kutosha. Hakuna aliyeitaka zahanati hiyo kunishinda mimi. Mdogo wangu Mbeyu alikuwa mjamzito, na kwa mimba ya kwanza tulimbeba kitandani hadi hospitali ya Msambweni, njia nzima akinitukana.

Utafiti wa kujua idadi hiyo tulipewa watu wawili. Mimi, Mishi, niliajiriwa kwa sababu nina mdomo: kazi yangu ilikuwa kukaa jikoni kwa watu na kusikiliza habari. Mwenzangu Waziri, kijana wa Msambweni aliyetoka chuoni, alihesabu. Tulidharauliana kwa adabu.

Hesabu yake ya kwanza ilinipandisha hamaki. Kwa mujibu wake, Mwabungo watoto ni haba.

"Waziri, na hawa wanaoniibia mapera kila asubuhi ni wa nani?"

"Dada Mishi, mimi ninaandika ninachoambiwa. Nimemuuliza kila mama ana watoto wangapi, nao wamenijibu."

"Wamekujibu wakuondoe mlangoni. Nenda kamuulize mamako."

Tukaenda pamoja hadi kwao Msambweni. Mamake, Bi Mwanarusi, alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Waziri akamwamkia, akatoa kalamu, akauliza.

Bi Mwanarusi aliitazama ile kalamu. "Ninaye mmoja, alhamdulillahi. Ndiye huyu aliyesimama mbele yangu."

Nyuma yetu dada zake Waziri walikuwa wakipepeta mchele. Walicheka hata mchele ukamwagika.

Kwetu mama hawahesabu wanawe kwa kinywa chake, asije akawaitia kijicho. Waziri alilijua hilo tangu utotoni, ila alikuwa ameliacha nyumbani alipokwenda kusoma. Nami nikaketi mkekani. "Bi Mwanarusi, hebu nisimulie ulivyojifungua yule wa kwanza."

Akasimulia. Akaja wa pili, aliyetanguliza miguu. Akaja wa tatu, na waliomfuata, kila mmoja kwa jina lake na kisa chake, hadi akafika kwa Boga na Mwanapili, waliofariki wachanga kabla mkunga hajafika. Waziri aliacha kuandika. Majina hayo mawili hakuwahi kuyasikia. Nilimwonea huruma, na wala sikuwa nimekusudia.

Nikadhani nimeshinda. Nikamwambia sasa twende kwa majirani zangu, watatusimulia yote.

"Hao ni mashoga zako, dada, na wote wanakaa karibu na barabara," Waziri akasema. "Tuchague nyumba kwa kura, na za mashambani nazo ziingie."

Nilinuna siku nzima. Lakini kura ilitupeleka ndani kabisa, penye nyumba ambazo sikuwahi kuzikanyaga, na huko nikakutana na akina mama ambao barabara hawaioni hata wanaposhikwa na uchungu. Habari zao zilikuwa nzito kuliko zote nilizozizoea. Nikanyamaza, na mimi nikinyamaza watu huniuliza kama ninaumwa.

Basi tukafanya kazi hivyo: mimi nikiomba kisa, Waziri akihesabu majina moyoni, kalamu mfukoni mpaka tutoke uani. Ripoti ilikwenda na tarakimu zake na maneno ya mama zetu, bega kwa bega. Zahanati ikajengwa.

Mbeyu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujifungulia pale. Waziri alikuja kumpa hongera, akatukuta na mkunga mgeni kutoka bara aliyeshika kalamu.

"Mama, sasa una watoto wangapi?"

Mbeyu akajitia kumfunga mtoto kanga. Mkunga akauliza tena, akidhani hakusikika.

"Muulize majina yao, dada," Waziri akamwambia kwa upole.

"Yupo Mapenzi, kifungua mimba wangu," Mbeyu akasema. Kisha akamtazama mchanga wake, aliyekuwa akipiga kelele za kusikika hadi barabarani. "Na huyu ni Mishi."

Machozi yalinitoka mbele za watu, na sikuona haya. Waziri aligeukia ukuta, akayahesabu majina hayo kimya kimya.