Uhakiki wa Wimbo wa Tano

Madam Zuhura, mwalimu wetu wa Kiswahili, alitufundisha kwamba mhakiki ni mtu asiyeamini kitu mpaka akisikilize mara tatu. Nilimwamini aliposema mara ya kwanza tu, na hilo likawa kosa langu la kwanza katika taaluma hii.

Kazi ya likizo ya Juni kwa kidato cha tatu ilikuwa kuhakiki albamu moja ya mwanamuziki wa kanda yetu, fani na maudhui, kurasa tatu. Kazi bora ingesomwa Siku ya Wazazi, mbele ya wazazi, bodi ya shule na yeyote aliyefuata harufu ya pilau. Mimi sikutegemea kusomewa chochote. Nilikuwa na faili ofisini. Mwaka uliopita nilibandika tangazo ubaoni, lenye muhuri niliouchonga kwenye kiazi, kwamba maharage ya shule yamepelekwa maabara kupimwa umri. Wajumbe wawili wa bodi walipiga simu kuulizia majibu. Tangu hapo hata nikiandika jina langu, Enock Ndaki, mwalimu hulitazama mara mbili.

Nyumbani kwetu ni Kharumwa. Mama yangu, Lusia, ni fundi cherehani. Baba ana karasha Nyarugusu, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kwa hiyo hushinda huko wiki nzima na kurudi Jumamosi nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi.

Siku ya pili ya likizo mama aliniwekea flashi mezani. Alisema kama nina kazi ya muziki, basi nihakiki hiyo. Ilikuwa *Vumbi la Songwa*, albamu mpya ya Mwigulu Kengele, nyimbo nane, gitaa na Kisukuma kitupu.

Hapa msomaji mwenye akili timamu anapaswa kusimama, kama nilivyosimama mimi. Mama yangu ni mwanakwaya. Kwake yeye, gitaa linalopigwa nje ya kanisa ni kazi ya watu wasio na shamba. Nilipomuuliza flashi ameipata wapi, alijibu kwamba wapo watu wanazigawa. Nikaandika katika daftari langu: "Chanzo cha kazi hakijulikani. Mtoaji haaminiki."

Kwa asiyezijua nyimbo za kwetu, niseme jambo moja. Katikati ya wimbo gitaa hushuka, na mwimbaji huanza kutaja watu: fulani wa mahali fulani, mwenye ng'ombe kadhaa, mume wa fulani. Majina hayo hayatoki hewani. Mtu humpelekea mwimbaji mbuzi, kitenge au gunia la mpunga, naye huimba jina na sifa alizoletewa, neno kwa neno. Na si lazima jina liwe la mletaji. Wapo wanaomtaja mkwe ili kumfurahisha, na wapo wanaomtaja jirani ili asilale.

Wimbo wa tano, dakika ya nne, Mwigulu Kengele alimtaja mtu huyu: Ndaki wa Kharumwa, mwenye karasha la Nyarugusu linalokatika mkanda kila wiki, mvaa shati la drafti lenye kifungo kimoja cheusi kati ya vyeupe, mume wa Paskalina, baba yake Davis.

Niliurudisha. Mara ya tatu, kwa heshima ya Madam Zuhura, nilifumba macho kabisa. Baba yangu anaitwa Ndaki. Ni wa Kharumwa. Karasha analo, na mkanda hukatika. Mpaka hapo msanii alikuwa sahihi. Lakini mke wake anaitwa Lusia, na watoto wa nyumba ile ni wawili, mimi na mdogo wangu Nelly. Nilitoka nje nikamtazama Nelly ili kupata uhakika. Hakuwa Davis.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba baba ndiye aliyejipeleka kwa mwimbaji, akajisahau katika kujisifu. Jumamosi alipofika, nikaweka flashi kwenye sabufa huku akila, nikakaa na daftari kama mtu asiye na nia mbaya. Wimbo wa nne ulipokuwa unaisha aliweka kijiko chini.

"Naangalia ng'ombe mara moja, Mama Enock," akasema.

Ng'ombe wetu wanne walikuwa wanaonekana vizuri kutoka pale alipokaa. Alirudi wimbo wa sita ukiwa umeanza. Jumapili, baada ya kanisa, nikarudia jaribio, naye akakumbuka tairi la pikipiki. Jumamosi iliyofuata, wimbo wa nne ulipofifia, alitoka kwenda kumsalimia jirani ambaye hawajasalimiana tangu ugomvi wa ua. Jirani alishtuka kuliko mimi. Mara zote tatu mama alikuwa kwenye cherehani yake, na mara zote tatu, wimbo wa tano ulipofika, cherehani iliendelea kukimbia. Mara ya tatu nilichungulia. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Nikarudi kwenye maandishi, kama mhakiki anavyotakiwa. Kuhusu mtindo: hakuna mtu anayetoa mbuzi ili aimbwe kwamba mashine yake ni mbovu. Aliyepeleka sifa zile hakuwa anamsifu Ndaki. Kuhusu maudhui: kile kifungo cheusi kilishonwa mwezi wa tatu, vyeupe vilipoisha dukani. Nani angekijua? Mvaa shati, na mwenye sindano.

Sikutaka kuandika hitimisho hilo. Badala yake, siku ya mnada, Mwigulu Kengele alipokuja Kharumwa kupiga gitaa karibu na zizi la kuuzia ng'ombe, nilimfuata alipopumzika. Nilimwamkia, nikajitambulisha kuwa mwandishi wa gazeti ambalo kwa bahati mbaya sikulipa jina. Nilimuuliza majina ya wimbo wa tano yalitoka wapi. Alinitazama kwa mashaka, jambo lililonifanya nimheshimu.

"Majina siyatungi mimi, kijana. Naletewa yameandikwa."

Alikuwa amevaa suti ya zambarau ambayo ingeonekana kutoka huko Songwa kwao. Kwenye pembe za mfuko kulikuwa na vipembetatu viwili vidogo vya uzi, kimoja juu ya kingine. Sare yangu ya shule ina vipembetatu hivyohivyo. Hakuna fundi mwingine Kharumwa anayejisumbua navyo.

"Na suti?" nikauliza.

"Nayo nililetewa," akasema, akanyanyua gitaa lake.

Nilimkuta mama akikata sare za watoto. Nelly alikuwa kisimani. Nilikaa kwenye kiti cha wateja.

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma, "ile suti ya Mwigulu Kengele ni yako."

Hakuinua kichwa. "Imemkaa?"

"Inabana mabegani."

"Alinidanganya vipimo." Akakata kidogo, kisha akauweka mkasi mezani, na hapo nikajua kwamba mzaha wangu umeishia mlangoni.

Aliniambia kwamba mwaka mzima wanawake waliokwenda Nyarugusu kuuza mchele walikuwa wakimletea habari za Paskalina. Wengine waliapa kwamba ni Ndaki huyuhuyu. Wengine walisema hapana, akina Ndaki ni wengi. Angemuuliza baba, na baba angecheka, kwa sababu baba hucheka akiulizwa chochote, na yeye angebaki palepale. Kwa hiyo aliandika ule uvumi kwenye karatasi kama alivyousikia, akaongeza kifungo ili asisingiziwe Ndaki mwingine, akampelekea mwimbaji pamoja na suti.

"Mwanaume akisingiziwa mke mbele za watu, hugomba," alisema. "Huenda kwa mwimbaji, huita wazee, hata gitaa anaweza kuvunja. Nilitaka aje hapa akifoka, Enock. Nimuombe msamaha. Maneno ya kumwambia nilishayapanga."

Hiyo ilikuwa mwezi wa nne, na mpaka siku ile baba hakuwa amefoka.

"Labda hajausikia," nikasema.

"Wewe umempigia mara tatu."

Nikatazama sakafu. Nimefanya utani mwingi maishani, lakini sijawahi kufanya mmoja ambao mfanyaji wake anaomba Mungu ushindwe.

"Ndiyo maana nikakupa wewe," alisema. "Andika ulichosikia. Ikisomwa mbele ya wazazi wenzake atalazimika kusema neno. Akisema ni uongo, nitamwamini. Hata kama wote watasema ni kweli, mimi nitamwamini yeye."

Basi niliandika. Nilieleza gitaa, mpangilio wa sauti na dhamira, na katika wimbo wa tano nikanakili majina yote bila kupunguza wala kuongeza. Ilikuwa kazi ya kwanza ya kweli tupu kutoka mkononi mwangu.

Shule ilipofunguliwa, Madam Zuhura aliniita ofisini. Yeye ni wa familia ya wafanyabiashara wa Shinyanga mjini na Kisukuma hakisikii, kwa hiyo alikuwa ananitegemea mimi. Hilo lilimsumbua.

"Enock. Baba yako yumo ndani ya albamu?"

"Ndiyo, Madam."

"Na ana mke ambaye si mama yako, na kifungo cheusi."

"Ndiyo, Madam."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anayaona maharage. Kisha akachukua kalamu nyekundu na kukata majina yote, akasema sehemu nyingine yote ni nzuri kuliko kazi za wenzangu, ndiyo itakayosomwa, ila nitasoma kilichobaki tu, na nikiongeza hata nukta nitasimamishwa shule nikalale nyumbani. Akagonga muhuri wa shule juu yake. Nilijaribu kumweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuniona hodari wa kutunga.

Siku ya Wazazi walikuja wote wawili. Walikaa safu ya pili chini ya turubai, baba akiwa na furaha ya mtu ambaye mwanawe hatimaye ameitwa mbele kwa wema. Mama alikaa wima. Hakujua kuhusu kalamu nyekundu. Sikupata nafasi ya kumwambia.

Nilisimama na karatasi yangu. Niseme ukweli, majina niliyakumbuka kwa kichwa, na ningeweza kuyasema hata kama ningefukuzwa. Lakini nilipomwona baba akitabasamu nilibadili nia. Nilipanga kusoma ile mistari minne iliyobaki ya wimbo wa tano, ya gitaa, isiyomtaja mtu. Yeye angekaa tu kwenye kiti chake. Na baadaye ningemwambia mama: ulimwona, alikaa.

Nikasoma wimbo wa kwanza. Watu walicheka pale nilipotaka wacheke. Wa pili, wa tatu. Nilipomaliza wa nne nikatazama safu ya pili.

"Wimbo wa tano," nikasema.

Baba alimtazama mama. Mama alikuwa anamtazama yeye, si mimi. Nilinyamaza kidogo, kidogo sana. Baba akainuka, akawaomba radhi majirani, akapita juu ya miguu ya watu wanane, akaelekea kwenye matangi ya maji.

Nikasoma kwamba gitaa la pili linaingia mapema mno na kulifunika la kwanza. Sijui nani alisikia. Mama naye alikuwa ameinuka.

Kutoka pale mbele niliwaona wote wawili, lakini sauti haikufika. Nyimbo tatu zilibaki. Wa sita niliusoma kwa mwendo wa mazishi. Wa saba, ambao kwenye karatasi una aya moja, niliurudia kwa maneno mengine, na Madam Zuhura akaanza kukunja uso. Mama alisema neno moja au mawili. Baba hakucheka. Aliinama kidogo, akanyoosha mkono, akausimamisha usawa wa paja lake, kama mtu anayeonyesha urefu wa mtoto. Mama akautazama ule mkono. Hapakuwa na kitu chini yake, lakini alitazama kama kipo.

Baba alirudi kukaa nikiwa katika wimbo wa nane. Wenzake walipopiga makofi, naye alipiga. Kiti cha pembeni yake hakikukaliwa tena.

Watu walipokwenda kwenye pilau, nilimkuta baba kando ya pikipiki yake. Alikuwa amevaa helmeti tayari, lakini hakuwa amewasha. Nilisema shikamoo, ingawa tulishasalimiana asubuhi. Aliitikia. Kisha akaniomba karatasi.

Alisoma akisogeza midomo. Alipofika wimbo wa tano alisimama, akarudi juu, akasoma upya.

"Majina yako wapi?"

"Madam aliyakata, baba. Wiki mbili zilizopita."

"Kwa hiyo hukuwa na la kusoma."

"Gitaa tu."

Upande wa pili wa uwanja mama alikuwa kwenye foleni na sahani yake, akiongea na mzazi mwingine.

"Ningekaa..." baba alisema.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi nilitaka ukae."

Aliigeuza karatasi akatazama nyuma. Nyuma palikuwa peupe.