Zulia la Darrell

Darrell alikuwa akimhamishia mama yake, Verna, kwake Phoenix. Njiani akatamka kwamba zulia lake jipya halitaki mbwa, hivyo Otis, mbwa wa mama, wangemwacha mji unaofuata, kwenye nyumba ya mbwa wasio na wenyewe. Verna alikuwa kwenye kiti cha nyuma, mbwa huyo mkongwe akikoroma mapajani mwake.

"Kitendawili!" alifoka.

"Mama, naendesha."

"Kitendawili, nimesema!"

"Haya, tega."

"Ni mzee, anakojoa kila saa, na ukimweka ndani atakumwagia nywele zuliani."

"Jibu ni Otis!"

"Ni mimi, mjinga wewe! Basi tushushe sote wawili."

Darrell aliipita njia ya kuingia mjini bila kupunguza mwendo. Verna hakumshukuru, wala hakumsemesha mpaka jimbo la Nebraska likaisha.