Soksi Nyeupe za Jioni

"Mama Agneta, siku huyu farasi akifa, mtamzika ama mtamtupa?"

Nafisa, mke wa Abdi mwenye duka pale soko la Ndalu, aliuliza hivyo siku moja akiwa ameegemea ua, mkono umeshika shavu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa hajawahi kuona farasi akifugwa nyumbani kwa mtu mweusi. Nasambu, ndiye Mama Agneta, alicheka, akamjibu kwamba kila kiumbe kina Mwenyewe. Lakini lile swali halikutoka. Lilikaa naye mwaka mzima, kama jiwe dogo ndani ya kiatu.

Farasi mwenyewe aliitwa Jioni. Alikuwa mweusi kila mahali ila miguu, ambayo kutoka kwato hadi chini ya goti ilikuwa myeupe, kama amevalishwa soksi za shule. Wamalwa, mume wa Nasambu, alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba moja kubwa nje ya Kitale kwa miaka ishirini na sita. Mwenye shamba alipohama alimwachia Jioni, na Wamalwa akamleta Ndalu kwa miguu, siku nzima barabarani, watoto wakiwafuata. Mwaka wa 2004 Wamalwa akalala. Maneno yake ya mwisho kwa mkewe hayakuwa ya shamba wala ya watoto. Alisema, "Jioni asiuzwe kwa mtu atakayemchapa."

Sasa ilikuwa Agosti, miaka miwili baadaye, na mvua ilikuwa imekataa kwisha. Wakhungu, ndugu wa marehemu, alitoka Bumula na habari yake.

"Shemeji, hapa anapolala huyu mnyama nataka kupanda. Trekta inakuja Jumatatu ya mwisho wa mwezi."

"Na Jioni aende wapi?"

"Si huyo Rotich alisema atamchukua? Achukue basi. Asipochukua, kuna watu wa mbwa kule Kitale. Wananunua nyama yoyote, bana."

Nasambu alitazama chini. Shamba lilikuwa la ukoo, na yeye ni mjane tu.

Rotich alikuwa kijana aliyefundishwa kazi na Wamalwa. Siku hizi alikuwa saisi mkuu mahali pa kufundishia watoto kupanda farasi, huko huko Kitale. Alituma neno: atakuja Jumamosi ile kabla ya trekta, amtazame Jioni, na akiwa mzima ataondoka naye.

Akiwa mzima. Nasambu alipolisikia hilo alienda zizini, akachuchumaa nyuma ya Jioni, akapapasa. Chini ya manyoya meupe, pale nyuma juu ya kwato, vidole vyake vilikuta vitu vigumu kama ukoko wa ugali uliogandia sufuria. Aling'oa kimoja polepole. Kilitoka na manyoya yake, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, ina unyevu, ina usaha. Jioni akavuta mguu.

Nasambu aliujua ugonjwa huo. Ni ugonjwa wa matope, na hupenda miguu myeupe kuliko myeusi. Kule shambani yeye ndiye aliyekuwa akibeba maji moto kutoka jikoni mpaka zizini, na miaka yote hiyo alisimama pale na ndoo yake akitazama mikono ya mumewe. Alitazama, akashika.

Basi alifanya kama alivyoona. Alimtoa Jioni kwenye matope, akamwekea maranda makavu. Alipunguza manyoya kwa makasi. Aliloweka yale magamba kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi mpaka yakalainika, akayatoa bila nguvu, halafu akakausha, akakausha tena kwa kanga yake kuukuu mpaka katikati ya mikunjo. Baada ya hapo hakuosha kila siku, maana Wamalwa alikuwa akisema maji ndiyo adui. Alipaka mafuta ya dawa, akaomba, mkono wake ukiwa shingoni mwa Jioni, akangoja.

Siku ya kumi miguu ya mbele ilikuwa imekauka. Ya nyuma bado. Jumatano ya juma lile la mwisho magamba saba yalikuwa yamebaki, na Jioni alikuwa akipiga miguu chini na kujiuma.

"Bado siku tatu," Nasambu alimwambia Nafisa kwenye ua. "Rotich akiona hivi ataniachia yeye."

"Mwombe Mungu."

"Naomba. Lakini hebu tazama anavyojikuna. Pengine kuna wadudu pia."

Jumatano ndiyo siku aliyokuwa akinyunyizia ng'ombe wake wawili dawa ya kupe. Josho la kata lilikuwa limekufa zamani, kwa hiyo kila mtu alikuwa na bomba lake la mgongoni. Alipomaliza, dawa ilikuwa imebaki. Ng'ombe walikuwa wameoshwa nayo miaka nenda miaka rudi, hata ndama wachanga, na hakuna aliyepata kuumwa kichwa. Nasambu alisimama na bomba mgongoni, akamtazama Jioni. Akaongeza dawa kidogo, iwe kali, kwa sababu siku zilikuwa chache. Akamwosha miguu yote minne.

Jioni alijilamba.

Alhamisi hakumaliza majani. Ijumaa hakugusa kitu, na Nasambu, ambaye huangalia kila jambo, aliona kwamba maranda yalikuwa safi. Hakukuwa na samadi hata kidogo. Farasi aligeuza shingo akatazama ubavu wake mwenyewe, kama mtu anayeitwa na asijue ni nani anayemwita. Akalala, akaamka, akalala.

Jumamosi saa nne asubuhi Rotich akafika. Alikuwa na kamba mpya begani, yenye rangi nyekundu, na hatamu ya ngozi iliyong'arishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Aliingia zizini, akainama, akashika mguu mmoja baada ya mwingine. "Miguu ni safi," alisema. "Umefanya kazi, mama. Mzee angefurahi." Kisha akanusa vidole vyake. Uso ukabadilika. Alienda ubavuni, akaweka sikio kwenye tumbo la Jioni, upande huu, akahamia upande ule, akakaa hapo muda mrefu. Nasambu alisikia kuku, akasikia redio kwa Abdi.

"Tumbo limenyamaza," Rotich alisema. "Mama, ulimpaka nini?"

Angeweza kusema amekula mahindi mabaya. Hakuna aliyemwona zaidi ya Mungu. "Dawa ya kupe," alijibu. "Ya ng'ombe. Jumatano."

"Hiyo inasimamisha matumbo ya farasi. Hilo ndilo jambo la kwanza mzee alinifundisha. Hakukuambia?"

Nasambu alifikiri. Kule shambani ng'ombe walikuwa ng'ambo ya mto, na dawa yao ilikaa huko huko. Yeye alijua yale tu aliyoyaona akileta maji moto, na dawa hiyo haikuhitaji maji moto.

"Hakuniambia."

"Daktari wa farasi anatoka Eldoret. Nimesikia yuko safari mpaka Jumanne, na tumbo likinyamaza hivi farasi hafiki Jumanne."

"Basi tumtembeze. Kamba unayo."

Walimvisha hatamu, wakamwinua, wakamtembeza hatua kumi. Magoti yakakunjika, Jioni akalala kwenye matope yale yale, soksi nyeupe zikapotea.

"Niliogopa utaona magamba," Nasambu alisema. "Yalikuwa yamebaki saba. Niliogopa utamkataa."

Rotich alimtazama.

"Magamba ya matope, mama? Kwetu wako farasi sita wanayo hayo sasa hivi. Ningemchukua nayo."

Nasambu alikaa chini hapo hapo, kichwa cha Jioni kikiwa karibu na paja lake. Alitafuta sala akakosa hata neno la kuanzia. Pumzi ya farasi ilikuwa fupi, na ilikuwa na harufu ya ile dawa.

Rotich alimvua Jioni hatamu taratibu, akaipangusa matope kwa mkono wa shati. Akaikunja ile kamba nyekundu, mkunjo juu ya mkunjo, akaitupia begani. Halafu akapita langoni, akashika njia ya Kitale.