Pita Upande wa Kulia

Radi alipookoka, mtaa mzima ulijua kabla chai ya asubuhi haijapoa, maana mzee huyu hakuwahi kufanya jambo kimyakimya, si ulevi wala toba. Jina la Radi alipewa na majirani enzi zake za chupa, alipokuwa akirudi nyumbani akinguruma tangu barabarani. Sasa anaitwa Ndugu. Ndugu! Binti yake, fundi cherehani, alilisikia jina hilo jipya, asilitumie.

Alilisikia kwa sikio la kulia. La kushoto lilikufa zamani, akiwa bado msichana wa shule, kwa kofi moja la baba yake, kisa chumvi imezidi kwenye mboga. Mama yake, Mungu amrehemu, alimkanda kwa maji ya moto, akamsihi akiulizwa aseme ameanguka. Akasema ameanguka. Tangu afungue kibanda chake cha ushonaji, cherehani ameiweka ikitazama mlango, dirisha likiwa mgongoni, ili mtu asije akamtokea upande asiousikia. Kwa hiyo anashona kwenye kivuli chake mwenyewe. Wateja humtania, "Fundi, mwanga uko nyuma yako!" Naye huwajibu kwamba mwanga unamuumiza macho.

Hakutaka makubwa. Alitaka baba yake aseme kwa kinywa chake: nilikupiga, nikakuharibia sikio, nisamehe. Basi. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, tena wa siku nyingi kuliko huyo Ndugu, na kila akipiga magoti kuomba moyo wa kusamehe alikwama palepale. Atamsamehe vipi mtu ambaye hajawahi kusema amekosa?

Mzee akaja kibandani kupimwa vazi la ubatizo, dada yake, shangazi wa fundi, akiwa nyuma yake.

"Nishonee kanzu nyeupe, mwanangu. Jumapili namzika Radi majini. Atakayetoka ni mtu mwingine kabisa."

"Hongera, baba."

"Ya nyuma yote Bwana ameyafuta. Hata siyakumbuki!"

Alisema hivyo uso umemchanua, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Fundi akachukua utepe wa kupimia. Baba yake alipoinua mikono ili apimwe kifua, fundi aliinama ghafla na kujikinga kichwa, kabla hata hajajua anafanya nini.

"Vipi, umeangusha pini?" mzee akauliza.

"Ndiyo," akajibu, akajifanya kupapasa sakafu.

Walipokuwa wakiondoka, shangazi alichelewa kidogo mlangoni. "Jumapili ukae mbele," akamwambia. "Ameniahidi atakuomba msamaha, mbele ya watu. Na wewe, mwanangu, achilia. Unaharibu roho yako bure."

Kanzu ya ubatizo hutiwa vikokoto kwenye pindo, la sivyo maji huiinua ikaelea, na mwokovu akabaki miguu nje mbele ya kwaya. Fundi aliishona hiyo kanzu, akafika kwenye pindo, akakaa akiwaza vikokoto. Angeviacha tu! Radi mzima, mapaja nje, akina mama wakiziba macho kwa vitambaa. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale hayakukoma kicheko kilipoisha. Kisha akavitia vyote. Kazi ni kazi, na Jumapili alikuwa na lake la kusikia.

Mzee alizamishwa, akaibuka akitweta, kanzu imekaa sawasawa. Hakungoja taulo. Alimwendea binti yake moja kwa moja, akamkumbatia na maji yake yote, akaweka mdomo sikioni. Sikio la kushoto. Fundi alihisi pumzi ya moto, ndevu zikimchuruzikia shingoni, kifua cha mzee kikitikisika kwa kilio. Alisema mengi, maana alikaa pale muda. Kanisa likapiga vigelegele. Fundi hakusikia hata neno.

Alijichomoa, akamgeuzia sikio la kulia. "Baba, sikusikia. Sema huku."

"Nimeshasema, mwanangu," mzee akajibu, akijifuta macho. "Mambo haya hayarudiwi mara mbili."

Mchungaji akasogeza kipaza sauti. "Dada yetu, umemsamehe baba?"

Watu wote wakamtazama. "Mungu amesikia," akasema. Kanisa likaitikia amina, na hakuna aliyegundua kwamba hakusema ndiyo.

Mchana ule hakwenda kwenye sherehe. Alijifungia kibandani, hasira imemjaa mpaka mikononi. "Ulimsikia peke yako," akamwambia Mungu, hata magoti hakupiga. "Kama alisema nilichokingoja, unajua. Kama alisema mengine, unajua pia. Mimi nimechoka kulinda mlango. Jambo hili lichukue wewe." Akafungua komeo, akaikokota cherehani hadi dirishani, akakaa mgongo kwa mlango. Kwa mwanga ule, uzi ukaingia kwenye tundu la sindano kwa jaribio la kwanza. Mgongo ulimsisimka, lakini alishona.

Mkono ukamgusa bega la kushoto. Aliruka, sindano ikamchoma kidole.

"Unaogopa nini?" Alikuwa baba yake, kanzu mbichi begani. "Si ni mimi tu! Nimekuja unitolee haya mawe. Nataka niivae nikienda kushuhudia."

Fundi alinyonya damu kidoleni, akamtazama usoni, kwa utulivu ambao hata yeye ulimshangaza. Aliona wazi kwamba maneno yale, kama yapo, hayatamfikia kamwe, na kwamba mtu wa kuyasema alikuwa amebaki yeye.

"Sikio hili halisikii, baba. Uliliua wewe, kwa kofi, kwa sababu ya chumvi. Nimekusamehe. Ila ukija kwangu, pita upande wa kulia."

Mzee akamnyooshea kanzu. Kwa mara ya kwanza tangu binti yake amjue, hakutoa sauti yoyote. Fundi akaipokea kanzu, akaugeukia mwanga, akaanza kufumua pindo.